Kwaruza Gome Kwanza

Asubuhi niliyoondoka Gare, mwanangu, sikuwa na mahali ninapokwenda. Ukungu ulikuwa umejaa bondeni hata migomba ya jirani ikaonekana vilele tu. Nilichukua sweta, panga na viazi vitamu viwili vilivyobaki jikoni tangu jana. Mama akaniuliza ninakwenda wapi. Nikamwambia nakwenda kutazama. "Kutazama nini?" Nilikuwa nimekwisha kuvuka kizingiti, naye hakungoja jibu, maana alikwisha kuzoea.

Shule niliiacha darasa la tano. Kujua nilipenda, tena mno, ila nilitaka kujua kilichokuwa nje ya dirisha. Tatizo langu lilikuwa jingine. Kila nilipofika mahali, kitu cha kwanza nilichokiona ni kile kitakachoharibika. Nilipopelekwa kujifunza useremala pale Soni, niliona wazi kwamba siku moja nitajikata vidole, nikaondoka kabla sijaranda hata ubao mmoja ukanyooka. Nikaenda kwa wafyatua tofali, nikaona mvua itanyesha kabla tanuru halijawashwa, nikaondoka. Mvua haikunyesha. Udadisi ulinitoa nyumbani, wasiwasi ukanirudisha. Watu waliniita mzururaji. Mimi nilijiona mwerevu, mtu asiyeweza kudanganywa na tumaini. Lishike hilo, nitalirudia.

Basi siku hiyo nilishuka mpaka njia panda ya Soni. Lori la kabichi lilikuwa linateremka kwenda Tanga na utingo akaniashiria nipande. Nikakataa. Barabara ya Bumbuli ndiyo sikuijua, nikaifuata hiyo, na siku ya pili nikatokea kwenye kijiji kimoja upande wa Mponde, mahali ambapo vilima vyote vilikuwa vimefunikwa chai kama vimevaa. Nilikuwa sijawahi kuigusa chai ikiwa mti.

Mama mmoja mtu mzima alikuwa anapalilia kando ya njia. Nilikuja kujua anaitwa Mama Eliza, mjane, mzee wa usharika katika kanisa la Kilutheri pale.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Watoka wapi?"

"Gare."

"Umetumwa na nani?"

"Sijatumwa, mama. Natembea tu."

"Nchi inajengwa, na kijana mwenye mikono miwili anatembea tu," akasema, akanitazama kuanzia miguuni. "Haya, weka mzigo. Mzigo wenyewe ni sweta? Basi weka sweta. Hilo panga lina makali?"

Ndivyo nilivyopata kazi na kitanda cha kamba nyuma ya jiko lake.

Shamba lake lilikuwa dogo, sehemu mbili, ya juu na ya chini, lakini ndilo alilokuwa nalo. Mumewe aliipanda ile chai kwa mikono yake akafariki kabla ya kuichuma. Ilikuwa miaka ile ya vijiji vya ujamaa, na kamati ya kijiji kile ilikuwa inapita kukagua kila shamba. Lililoonekana limetelekezwa lilipewa mtu mwingine mwenye nguvu ya kulilima. Mama Eliza hakuwa na mtoto wa kiume, na binti yake aliolewa Korogwe. Alijua wako watu waliokuwa wanalitazama shamba lake kwa jicho la kungoja.

Mwezi wa baridi ulipofika tukaikata. Chai ikizeeka juu hukatwa mpaka chini ya goti, ili ichipue upya. Tuliikata sehemu zote mbili, siku nne, mimi na yeye na majirani wawili wa kusaidizana. Tulipomaliza, nilisimama juu ya kilima nikaona visiki vitupu, vimekaa kama vidole vilivyokatika. Nikajisemea, tumeiua.

Mama Eliza akanionyesha jambo moja. Yale matawi tuliyokata aliyarudisha, akayalaza juu ya kila kisiki mpaka kisionekane. "Haya usiyaondoe," akasema. "Palilia katikati, lakini haya yaache." Wiki ile ile ukaja ujumbe kwamba binti yake amejifungua, akafunga kanga zake na kwenda Korogwe kumlea mzazi. Akaniachia ufunguo wa jiko, kuku watano na shamba.

Wiki ya kwanza nililima. Ya pili nikafunua matawi kwenye kisiki kimoja cha juu, nikatazama. Hakuna kitu. Wiki ya tatu nikafunua vitano. Hakuna. Mimi nimekulia kwenye mahindi na maharage, mwanangu. Kwetu, ukikata hindi shina, kazi yake imekwisha. Jirani, mzee mmoja wa Kishambaa aliyekuwa na chai iliyokatwa mara nyingi kuliko miaka yangu, alipita kila asubuhi na kunisalimu, "Onga maundo," nami nikamwitikia. Ningeweza kumwuliza. Sikumwuliza. Mtu aliyekwisha kuamua kwamba jambo limeharibika haulizi, kwa sababu anaona jibu analo.

Kisha nikasikia kamati itapita mwisho wa mwezi.

Hapo ndipo nilipofanya kosa, na nilifanya kwa nia njema, jambo ambalo mpaka leo linanitia aibu kuliko kama ningelifanya kwa ubaya. Nikasema, shamba lote limekufa, kamati watakuta makaburi, mama wa watu atanyang'anywa. Afadhali wakute kitu cha kijani. Nikayaondoa matawi yote ya sehemu ya juu, nikayapanga nyuma ya jiko yawe kuni. Nikang'oa visiki vya mstari wa mwanzo, tisa, vilivyonitoa jasho kwa ubishi wa mizizi yake. Nikapanda maharage. Ule ubishi wa mizizi ungenifundisha kitu kama ningekuwa na masikio. Sehemu ya chini sikuifikia, na sikufunua hata kisiki kimoja cha huko. Niliona haina haja.

Jua la siku zile lilikuwa kali mchana, baridi asubuhi. Magome ya visiki vilivyobaki wazi yakaanza kupasuka. Nilipoyaona yamepasuka nikatikisa kichwa: si nilisema?

Mama Eliza alirudi kamati ikiwa imebakiza siku mbili. Alisimama njiani na kikapu kichwani, akatazama maharage yangu yaliyoanza kutoa majani mawili mawili. Akatua kikapu. Hakupiga kelele.

"Matawi yako wapi?"

"Jikoni, mama. Kuni."

"Na huu mstari?"

"Ulikufa, mama. Shamba lote limekufa. Nilitaka kamati wakute…"

"Ulimwuliza nani?"

"Sikuuliza mtu."

"Jirani hapiti hapa siku hizi?"

"Anapita."

Akapiga magoti kwenye kisiki cha karibu, akakwaruza gome kwa ukucha wa dole gumba. Ndani palikuwa na rangi ya kahawia, pakavu. "Hiki kimekufa," akasema. Hakunifariji. Akasogea kingine. Kimekufa. Cha tatu alipokikwaruza pakatokea kijani, kijani mbichi chenye maji, chini kidogo tu ya gome. Akanitazama. Kisha akateremka sehemu ya chini, nami nikamfuata, akainua matawi. Kwenye visiki vile ambavyo sikujisumbua kuvifunua, machipukizi yalikuwa yamekwisha kutoka, mekundu, madogo kama punje za ulezi.

Nilikwenda nyuma ya jiko nikachukua sweta yangu. Ndivyo nilivyokuwa nikifanya kila mahali. Akanikuta nimeshika panga.

"Unakwenda kutazama tena?" akauliza.

"Mimi nina mkosi, mama. Kila ninachogusa kinaharibika. Nimekuharibia shamba."

"Shamba lipi? Nionyeshe huo mti unaoitwa shamba." Akalichukua panga mkononi mwangu. "Na huo mkosi, chai haikujui jina lako. Uliondoa matawi, jua likachoma. Angeondoa mchungaji, jua lingechoma vilevile. Weka sweta. Nenda kwenye mgomba uchane kamba."

Siku mbili zile nilizitumia nikitembea kwa magoti. Alinituma nikwaruze kisiki kimoja kimoja cha sehemu ya juu, na kila chenye kijani nikifunge kamba ya mgomba na kukirudishia matawi yake. Vilivyokufa nisivifunge. Alinikataza kusema "labda" na alinikataza kusema "vyote". Nilianza nikiwa na hakika ya nitakachokiona. Nilipofika katikati ya mstari wa tatu, kamba nilizochana zikaisha, nikarudi mgombani. Zikaisha tena. Mara ya tatu nilipokwenda kuchana, mama alikuwa amekaa kizingitini anachambua mboga, akasema bila kuinua macho, "Huo mgomba utabaki uchi kwa ajili ya shamba lililokufa."

Mwanangu, nilicheka. Nilikuwa sijacheka tangu aliporudi.

Kamati ilikuja watu wanne. Mwenyekiti alikuwa mtu mnene, mwenye pumzi fupi, aliyependa kukagua mashamba ya bondeni kuliko ya juu. Akasimama kwenye ule upara wa mstari wangu.

"Hapa pamepita tembo?"

Mama Eliza alifungua kinywa, nikamtangulia. "Ni mimi, mzee. Nilidhani imekufa nikaing'oa. Mama hakuwepo."

"Uliing'oa ili upande maharage?"

"Ili mkute kijani."

Wale wengine wakacheka mpaka mmoja akashika kiuno. Mwenyekiti hakucheka, lakini aliuliza zile kamba ni za nini. Nikamweleza. Akainama kwa taabu, akakwaruza mwenyewe kisiki kimoja chenye kamba, kisha akakwaruza kimoja kisicho nayo, akaona sikumdanganya kwa hiki wala kwa kile. Akasema shamba libaki kwa mama, ila mapengo yote yajazwe miche mipya kabla mvua za vuli hazijakatika, na ayajaze huyu tembo mwenyewe.

Nikakaa. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kukaa mahali baada ya kuharibu. Nilibeba miche kutoka kitalu cha kijiji kichwani, nikachimba pale pale nilipong'oa. Miche mingine ilikufa, nikaipanda tena. Na wakati ule wa kuchimba ndipo nilipouelewa ugonjwa wangu.

Nilikuwa nimejiita mwerevu kwa sababu mambo mabaya niliyotabiri, ukiacha ile mvua, yalitokea. Sasa nikaona kwamba mengi niliyafanya yatokee. Visiki vile vya juu vilikuwa hai nilipovifunua. Mimi ndiye niliyevifunulia jua kwa kuwa niliamini vimekufa, na vilipokufa nikasema nilijua. Ndivyo ilivyokuwa kwa seremala na kwa wafyatua tofali: niliamini nitashindwa, nikaondoka, nikawa nimeshindwa kweli. Mtu asiye na tumaini ana hatari hiyo, mwanangu: anaweza kuwa sahihi kwa mkono wake mwenyewe, na asijue.

Nakushauri hivi, kwa kuwa nimekuona nawe unapenda kusema "haiwezekani" kabla chai haijapoa. Sikuambii uamke ukajisemee kwamba kila kitu ni kizuri. Mama Eliza hakuniambia hivyo. Kilichokufa alikiita kimekufa. Mawazo mabaya yakikujia yasikilize, kisha yadai yaonyeshe mti. Yakisema "kila kitu", uliza kipi. Yakisema "siku zote", rudi ukatazame wiki ijayo. Yakisema "ni kwa sababu yako", tazama ulifanya nini hasa kwa mikono yako, ulitengeneze hilo, mengine uliachie jua na mvua. Na kabla ya kung'oa chochote, kikwaruze, na umwulize jirani anayepita kila asubuhi. Tumaini halikuja kwangu kama wimbo. Lilikuja kwa magoti, kamba moja baada ya nyingine, na hata sasa katika uzee wangu bado nalifanyia mazoezi, maana ile sauti ya ndani inayosema "imekufa" haijahama.

Vuli ilipokatika niliaga. Safari hii sikuwa nakimbia kitu, nilitaka tu kujua chai ya upande wa Amani inafananaje. Mama Eliza alinifungia mahindi ya kuchoma na sabuni kipande, akasema, "Ukipita tena, njoo uone tembo amepanda nini."

Nilifika Kwamkoro, kwenye chai ya huko Amani, jioni nimelowa mpaka mfupani. Nyapara wa kambi ya wafanyakazi alisema kutoka mlangoni, "Kambi imejaa."

Ile sauti ikaniambia, basi, geuka. Nikasimama kidogo kwenye matope.

"Shikamoo, mzee. Vyumba vyote vimejaa, au kuna kimoja ambacho hujakiuliza?"

Akanitazama kama mtu aliyeombwa kuhesabu nyota. Kisha akapiga kelele kuelekea mwisho wa mstari wa nyumba, "We Mmakonde, mkeka wako unatosha wangapi?"

Sauti nzito ikajibu kutoka gizani, "Anakoroma?"

"Sikoromi," nikasema.

"Basi ni mwongo, lakini aingie."

Nikaingia, akajivuta ukutani, nikalala.

Mungu akupe maisha marefu, mwanangu, na macho ya kuona kijani chini ya gome. Na popote utakapofika umelowa, akuwekee mtu wa kusogea.