Lori Lililovishwa Blanketi

Saa kumi na moja na nusu alfajiri, umande umeganda juu ya nyasi za Ha Tsekelo, kijiji kilicho chini ya milima ya Maloti, upande wa mji wa Matatiele. Puseletso Khoarai amelala chali juu ya gunia, chini ya lori la kahawia, tochi mdomoni. Anahesabu matone ya oili.

“Matatu,” anasema akijitoa huku akijipangusa mgongo. “Tuko salama. Lori la jeshi lisipovuja, ujue limekauka.”

Betri mbili zimelala jikoni nyuma ya jiko la makaa, maana zikilala nje zinaamka zimekufa. Anazileta kwa toroli, anaziunga, anapanda kwenye kiti. Anashikilia kitufe cha kupasha joto, anahesabu hadi sitini kwa sauti, kisha anapiga stata. Lori linakohoa mara mbili, linatoa wingu la moshi mweupe, halafu linakubali. Mbwa wa jirani, ambao wamelizoea mwaka mzima sasa, wanakimbia vilevile.

Haondoki mara moja. Injini ikinguruma, anakaa anautazama mlango wa nyumba ya mama mkwe wake.

Puseletso ana umri wa miaka hamsini na mmoja. Kwa miaka ishirini na sita alisimama kwenye meza ya kuchambua sufu katika banda la kukatia kondoo manyoya, akitenga sufu nzuri na mbaya kwa vidole. Banda lilipofungwa alilipwa kiinua mgongo, akarudi nyumbani. Mumewe, Teboho, alikuwa ameshafariki kwa kifua alichotoka nacho migodini. Nyumbani walibaki wawili: yeye na Mme (yaani Mama) Matshediso, mama wa marehemu, mwenye miaka sabini na minane.

Kutoka Ha Tsekelo hadi mjini ni kilomita hamsini na moja, na kati yake kuna mto usio na daraja. Ndani ya miaka tisa Puseletso alikuwa ameua pikapu tatu ndogo kwenye njia hiyo. Ya tatu ilivunjika ekseli ikiwa imebeba mitungi ya gesi, akailaza palepale mpaka mvua ikaizoa.

“Nikajiambia nimechoka kununua magari ya lami,” anasema. “Mimi sikai kwenye lami.”

Februari mwaka jana alipanda basi akaenda kwenye mnada wa magari yaliyostaafishwa na jeshi, mwendo wa siku nzima. Alikwenda na Ntate, yaani Mzee, Sekhoane Phafoli, fundi wa miaka sitini na saba aliyewahi kuendesha malori hayohayo ujanani. Mle ndani walikuwamo wakulima wenye mashamba makubwa na wafanyabiashara wa vyuma chakavu, na mmoja wao alimuuliza kwa heshima zote kama anakwenda vitani. Puseletso alimjibu kwamba anakwenda sokoni, ila njia ndiyo ya vita.

Magari hayakuruhusiwa kuwashwa. Mnunuzi aliruhusiwa kutazama tu. Basi Ntate Sekhoane akamwambia aingize kidole kwenye bomba la moshi la kila lori, kama alivyokuwa akiingiza vidole kwenye sufu. Malori manane yalimpaka masizi yenye mafuta, dalili ya injini inayokunywa oili. La tisa, la mwaka 1983, lilimpa masizi makavu kama unga. Akalinunua kwa randi elfu tisini na sita, ambazo zilikuwa karibu kiinua mgongo chote.

Yaliyofuata hayakuwa na sherehe. Lori la jeshi halina kadi ya gari, hivyo ilibidi lipimwe uzito, likaguliwe na polisi, lipewe namba. Mwenyewe alifeli mtihani wa leseni ya magari mazito mara ya kwanza kwa sababu hakufikia klachi vizuri. Mara ya pili alikwenda na mto wa kitanda, akauweka mgongoni, akafaulu.

Siku lori lilipoingia kijijini, Mme Matshediso alitoka na blanketi.

Mahali hapa mtu wa heshima anayeingia nyumbani huvishwa blanketi. Bibi harusi huvishwa, kijana anayetoka jandoni huvishwa, mgeni mkubwa huvishwa. Bikizee alifungua sanduku lake, akatoa blanketi la sufu halisi, jekundu lenye mistari myeusi, ambalo Teboho alimnunulia kwa mshahara wake wa kwanza wa mgodini. Akalitandaza puani mwa lori, akalifunga kwa kamba za ngozi, na wanawake wakapiga vigelegele. “Askari amefika nyumbani,” alisema. Tangu siku hiyo lori likaitwa Lesole, maana yake askari.

Hakuna aliyeona kasoro. Huku milimani kila dereva hufunika uso wa gari lake kwa boksi au gunia inapofika baridi, ili injini isigande. Lesole lilikuwa limevishwa vizuri kuliko magari yote ya wilaya. Siku za jua Puseletso alilikunja pembeni, lakini Mei ilipoingia na baridi, akalifunga sawasawa, mwanzo wa wavu wa mbele hadi mwisho.

Asubuhi moja ya mwezi huo alipakia magunia arobaini ya mahindi ya majirani, tani mbili kamili, akaanza kupanda mlima kuelekea kinuni. Katikati ya mlima alisikia harufu ya pasi iliyosahauliwa juu ya nguo. Kabla hajaitazama saa ya joto, injini ikapiga yowe la chuma, ikanyamaza.

Trekta ililivuta lori kurudi. Mahindi ya watu yalishushwa mbele ya watu. Wale waliokuwa wamenyamaza tangu Februari walipata la kusema: mwanamke gani huyo ananunua lori la vita kwa pesa ya uzeeni? Puseletso anasema usiku huo hakulala, na kwa mara ya kwanza aliona kwamba hana pesa, hana kazi, na uwanjani ana tani kadhaa za chuma kilichokufa.

Ntate Sekhoane alifika kesho yake kwa farasi. Hakugusa spana. Alisimama mbele ya lori, akashika pindo la blanketi kwa vidole viwili.

“Ausi, dada yangu, nani kalivisha?”

“Ni heshima, ntate. Mme ndiye aliyelivisha.”

“Hii injini haina rejeta. Haina hata tone la maji ndani yake. Inapozwa na upepo, feni inavuta hapa mbele.” Akaliachia pindo. “Mmemziba askari pua, halafu mkamwambia apande mlima.”

Bahati ilikuwa moja. Katika injini hizo kila silinda husimama peke yake na kichwa chake, kama nyumba za kijiji. Ya tatu ilikuwa imeungua, pistoni imeng'ang'ania ndani, lakini jirani zake walikuwa hai. Ntate Sekhoane alijua shamba moja lenye lori kama hilo, limegeuzwa banda la kuku. Alikwenda akarudi na silinda, pistoni na kichwa, na Puseletso akauza kondoo sita kulipia. Kwa wiki tatu walisugua, wakapima, wakakaza bolti kidogo kidogo.

Fundi alimwambia wazi kwamba chuma ni kazi yake, ila blanketi ni kazi ya mkwe.

Hiyo ndiyo iliyomshinda. Mkwe wa huku hamkosoi mama wa mumewe, na hili halikuwa blanketi la dukani, lilikuwa la Teboho. Kila asubuhi bikizee aliuliza kwa nini Lesole amelala uchi na baridi yote hii. Puseletso akajibu kwamba blanketi limefuliwa, halijakauka. Kwa wiki tatu, kwenye upepo wa Maloti, halikukauka. Ukweli ni kwamba lilikuwa chini ya kitanda chake, na lilikuwa na alama ya kuungua iliyoachwa na joto la injini, kubwa kama sahani.

Siku ya kuliwasha lori, watu walijaa uani, wengine kwa kuomba mema, wengine kwa kutaka kuona aibu. Mme Matshediso akatoka polepole. Mkononi alikuwa na blanketi. Alikuwa amefagia chumba cha mkwe wake, hadi chini ya kitanda.

Alilifunua mahali palipoungua, akapatazama.

“Mme,” Puseletso alisema. “Lori hili linapumua kwa mbele. Tulipolifunika likakosa pumzi. Blanketi ndilo lililoliua. Niliogopa kukwambia.”

Bikizee alipitisha kiganja juu ya ile alama.

“Nimelea watoto saba,” alisema. “Mtoto mwenye homa hafunikwi. Ungeniambia lina homa, ningelivua mwenyewe siku ileile.” Kisha akajitupia blanketi mabegani, alama ikiwa nje, kila mtu aione. “Nipeni mimi. Mimi ndiye ninayeona baridi.”

Puseletso alilia, na hafichi kwamba alilia. Alipopiga stata mara ya pili, injini ikashika.

Tangu hapo Lesole halijalala barabarani. Linakwenda kilomita nne kwa lita, na spidi yake haizidi themanini hata likiteremka, lakini mwenda pole hajikwai. Kila Jumamosi Puseletso hupuliza vumbi kwenye mapezi ya silinda, vile vibamba vyembamba vya kupozea, hupima mkanda wa feni kwa dole gumba, hupaka grisi sehemu kumi na nne ambazo amezichora kwenye karatasi ukutani. Kwa siku za kazi hubeba mahindi, mitungi, mabati, na majeneza pia. Baada ya dizeli hubaki na kama randi elfu tisa kwa mwezi. Mwenye lile banda la kuku amekubali kumuuzia lori zima mwakani, na humo anatarajia kupata spea za miaka kumi.

Lakini mpango wa karibu ni mdogo zaidi. Mwezi huu Ntate Sekhoane ataleta mashine ya kuchomelea aongeze kidato cha tatu kwenye ngazi ya mlango wa abiria. Vilivyopo viliwekwa kwa ajili ya miguu ya vijana wa jeshi.

Mlango wa nyumba sasa unafunguka. Mme Matshediso anatoka katika blanketi lake lililoungua, anavuka uwanja bila haraka, anasimama puani mwa lori linalonguruma. Anashika pembe ya blanketi, anaisogeza karibu na wavu. Upepo wa feni unaivuta ndani.

“Linapumua,” anamwambia mkwe wake. “Twende.”