Mwezi Gani Twende Mtoni

Kwa miaka sita fundi wa meno ya bandia alipanga safari ya kwenda kwenye mji mmoja mdogo milimani, kando ya mto, na kwa miaka sita hakuondoka. Si kwamba alikuwa mvivu. Mvivu angekuwa ameshakwenda.

Chumba chake cha kazi kilikuwa nyuma ya kliniki ya meno: dirisha moja, meza moja, unga wa jasi sakafuni, na rafu ya vinywa vya plasta vilivyoachama kama vinavyosubiri kujibiwa. Daktari ndiye aliyewaona wagonjwa. Fundi aliletewa vipimo vya ufizi wao tu. Aliweza kupishana na mtu barabarani asimjue kabisa, lakini mtu huyo akipiga mwayo, alimtambua.

Mji wa mtoni aliuona kwenye kalenda iliyoletwa na wauza jasi. Kulikuwa na daraja la waya, mawe meupe, na mlima uliojifunika mawingu hadi mabegani. Akaipeleka nyumbani.

"Mama watoto, tutakwenda hapa."

Mkewe alisimamia tanuri kwenye kiwanda cha mikate na alinukia hamira hata siku za mapumziko. Aliitazama ile picha. "Lini?"

Hapo ndipo kazi ilipoanza. Fundi alinunua daftari, akaupa kila mwezi kurasa zake. Akatafuta namba ya nyumba ya wageni iliyokuwa karibu na daraja, akampigia mwenye nyumba, mama mmoja mwenye sauti ya taratibu.

"Samahani mama, huko kunapendeza zaidi miezi gani?"

"Hapa pazuri mwaka mzima, baba."

Jibu hilo lilimvuruga. Pangekuwa pazuri mwezi mmoja, mtu angekwenda mwezi huo na mambo yangekwisha. Lakini mwaka mzima! Ukichagua mmoja, umeikosa kumi na mmoja. Kiangazi watu huvuka mto kwa kuruka mawe, lakini maporomoko hubaki uzi. Masika maporomoko hunguruma, lakini njia ya kilimani huwa utelezi mtupu. Kipupwe kuna ukungu na moto wa kuni sebuleni, lakini nani ataoga mtoni? Akaona bora achunguze kwanza. Kila Jumamosi ya kwanza ya mwezi, saa kumi jioni, alipiga simu.

"Leo maji yamefika wapi, mama?"

"Magotini tu, sasa hivi."

Akaandika: magotini. Pembeni akaongeza: upepo. Maana kila mama yule alipotamka neno lenye s, simu ilipiga mluzi mwembamba.

Alinunua pia viatu vya kupandia milima, akavizoesha miguu kwenye korido, kutoka jikoni hadi mlangoni na kurudi, mpaka soli ya kulia ikaachia. Havikuwa vimekanyaga jiwe hata moja. Akanunua vingine.

Habari zikaenea. Daktari wa meno alipooa, fundi alimpangia fungate ya siku tano, saa kwa saa. Daktari alirudi akasema kila kitu kilikuwa vilevile kama alivyoambiwa, isipokuwa mbwa.

"Mbwa gani?"

"Yuko pale darajani. Hapendi kofia."

Fundi akaandika: mbwa, kofia.

Mwaka wa sita, mwezi wa kumi na moja, tanuri la kiwanda likapasuka. Mkewe akarudi nyumbani Jumanne mchana, jambo ambalo halikuwahi kutokea, akasema wamepewa likizo ya siku kumi mpaka kipuri kifike. Akavua aproni, akashusha begi kutoka juu ya kabati.

"Kesho asubuhi naenda mtoni."

Fundi akakimbilia daftari. Ukurasa wa mwezi huo ulikuwa na maneno matatu: Matope. Utelezi. Subiri.

"Mama watoto, katika miezi yote, huu ndio pekee ambao..."

"Nimesubiri miaka sita. Matope hayanitishi, nakanda unga tangu usichana wangu. Ukija, njoo. Usipokuja, Jumamosi saa kumi nitakupigia nikwambie maji yamefika wapi."

Fundi akaenda kuomba ruhusa. Daktari alimpa kabla hajamaliza sentensi.

Walisafiri kutwa, kwa basi hadi chini ya mlima, kisha kwa pikapu, wamekalia mifuko ya saruji. Mvua ikawanyeshea. Kuhusu matope fundi alikuwa sahihi kabisa, na hakuna aliyempongeza.

Mji wenyewe ulikuwa barabara moja tu na kelele za mto. Watu walipaza sauti hata waliokuwa wakinong'onezana. Fundi alitembea akionyesha kwa kidole: kinyozi yule, duka la misumari lile, pale pana ngazi iliyovunjika.

"Unajua kila kona kama mwizi," mkewe akasema.

Kabla ya daraja fundi alivua kofia. Mbwa akaja, akawanusa, akaenda zake.

Mama mwenye nyumba akatoka kuwalaki, kiganja mdomoni. "Ndiye wewe, bwana wa maji? Karibuni sana! Siamini macho yangu!"

Mluzi. Na hapakuwa na upepo hata wa kutikisa jani. Fundi akakitazama kile kiganja, akajua: meno manne ya mbele, juu, yametoka zamani. Miaka ishirini na saba alikuwa katika kazi hii. Alikuwa amelisikia pengo lile mara sabini na kitu, na kila mara akaandika hali ya hewa.

Walipokaa mezani mkewe akamkanyaga mguu. "Umesikia?"

"Nimesikia."

"Basi?"

"Acha ninywe chai kwanza."

Asubuhi yake alichukua daftari, akamwomba mama mwenye nyumba ampeleke mtoni ahakikishe vipimo. Mama akasita mlangoni.

"Ngoja nikwambie, shemeji, maana mkeo ameshakuwa dada yangu tangu jana. Mwaka ule wa kwanza nilikuwa nakudanganya."

"Kwa vipi?"

"Marehemu mume wangu alichukuliwa na mto huu. Sikuwa nautazama hata kupitia dirishani. Wewe ukiuliza, mimi natazama sufuria yangu, nasema magotini."

Fundi akafungua daftari. "Hata mwezi wa nne?"

"Mwezi wa nne palikuwa na mafuriko. Daraja lenyewe lilikwenda na maji, hili ni jingine."

Fundi akatafuta ukurasa wa mwezi wa nne: magotini.

"Halafu nikaona haya," mama akaendelea. "Mtu mzima ananiuliza kwa adabu namna ile, nami namzuga. Mwaka wa pili nikaanza kushuka. Siku ya kwanza niliishia hapa mlangoni. Mwezi uliofuata nikafika kwenye uzio. Siku moja nikajikuta nimesimama ndani ya maji, na yalikuwa magotini kweli. Nikapanda mbio nisikukose kwenye simu."

Fundi alitoa rula na kalamu, akaufuta mwaka wa kwanza kwa mistari iliyonyooka. Ndipo akauliza, "Na meno, mama?"

"Siku ileile mto ulipomchukua mume wangu. Nilikuwa nakimbia kumfuata, nikaangukia mawe."

"Nikikutengenezea mengine, utayavaa?"

"Umri huu, shemeji! Nitamchekea nani?"

"Sijui. Hilo si fani yangu."

Mama akacheka nyuma ya kiganja, na fundi akachukulia kwamba amekubali.

Meno hayatengenezwi kwa safari moja. Mwezi wa kumi na mbili fundi alirudi na vifaa vya kuchukulia kipimo, baada ya kujifunza mara tatu kwenye kinywa cha daktari mwenyewe. Mwezi wa kwanza alileta nta ya kupima mng'ato. Mwezi wa pili alileta rangi sita za meno. Mama akachagua iliyo nyeupe kuliko zote, fundi akakataa, wakanuniana hadi jioni. Mwezi wa tatu wakajaribisha. Mwezi wa nne, maporomoko yakinguruma, akamvalisha. Mwezi wa tano akarudi kusugua upande wa kushoto uliokuwa ukibana. Mkewe alifuatana naye kila zamu ya tanuri ilipomruhusu.

Mwezi wa sita hakukuwa na cha kurekebisha. Walikwenda tu.

Mwezi wa saba ukungu ulikuwa haujainuka vizuri wanawake wale wawili walipoingia mtoni na nguo zao, wakipiga mayowe. Fundi aliketi juu ya jiwe, taulo mbili mapajani. Mama mwenye nyumba alikuwa akicheka mdomo wazi, mikono yote miwili majini, na fundi akakaza macho kuona kama jino la pili halijakaa juu kidogo.

"Baba watoto, ingia!"

"Mwezi huu watu hawaogi."

"Nani kasema?"

Fundi akafikiri. Aliyesema alikuwa yeye. Akakunja suruali, akashuka. Baridi ikampanda miguu, ikapita tumboni, ikafika hadi kwenye magego. Akaganda hapo na taulo zake begani, akawaomba wasimsemeshe kwanza.

Baadaye walikunywa chai jikoni, suruali yake ikianikwa karibu na moto. Mkewe alisinzia kitini kabla ya saa nne asubuhi, na hakuna aliyemwamsha.