Kutu ya Randa ya Baba

Juzi fundi wa gereji mjini Kakamega alikuwa akifuta spana zake kwa kitambaa chenye oili chafu, na ile harufu ikanirudisha kijijini kwetu Mayoni, kwenye karakana ya baba yangu aliyekuwa seremala.

Karakana ilikuwa ya mabati matupu. Kwetu mvua hunyesha karibu kila alasiri, na asubuhi mabati yalitoa jasho likadondokea vifaa vyake. Kwa hiyo kila jioni Baba alipaka oili patasi, misumeno na randa yake ya chuma, kisha akaifunga randa kwa kipande cha blanketi. "Chuma inashikanga baridi kama mtu," alisema.

Nilipokuwa na miaka kumi alipatwa na kiharusi, akalazwa. Kazi ya oili ikawa yangu. Niliifanya kama siku nne, kisha nikajiona mjanja. Makapi ya miwa kutoka kiwanda cha sukari yalikausha sakafu ya banda la kuku. Yangeshindwaje na randa? Nikaizika kwenye gunia la makapi, nikaenda kuruka kamba bila wasiwasi wowote. Sikujua kwamba makapi yale yalikuwa bado na sukari, na sukari huvuta maji.

Wiki tatu baadaye Mama aliitoa. Ilikuwa nyekundu yote. Nilikimbilia msasa, Mama akanizuia.

"Wacha hivyo hivyo. Baba yako akuje aione."

Akaifunga kwenye blanketi pamoja na kutu yake. Niliogopa sana. Hata siku tuliyochinja kuku, ingokho kama tunavyomwita kwetu, sikuonja hata mchuzi.

Baba alirudi Ijumaa, mkono wa kulia ukining'inia. Hata chai ilikuwa haijamiminwa, Mama akamwekea randa mapajani. Baba akaigeuza kwa mkono wa kushoto.

"Nani alifanyia chuma hivi?"

"Ni mimi, Baba. Niliweka kwa makapi ya miwa."

Nilingoja kofi. Baba akasema tu, "Lete msasa. Na ushike hapo mbele."

Akaanza kusugua kwa mkono wa kushoto. Mama akauondoa, akauweka ule wa kulia juu ya msasa.

Ikawa hivyo kila asubuhi. Mwanzoni msasa ulimdondoka kila mara, nami nikauokota, nikihesabu kuwa hiyo ndiyo adhabu yangu. Kufikia wakati jirani alipokata miwa yake, randa iling'aa, na Baba aliweza kushika kikombe.

Nilimnunia Mama kwa muda mrefu kwa kuniaibisha. Nilikuwa mtu mzima aliponiambia kwamba hospitalini walimwonya: mkono usipopewa kazi utakauka. Ndipo nikakumbuka kuwa msasa ulikuwa nyumbani siku zote, na kwamba mtu mwenye mikono mizima angeimaliza ile kutu kwa siku moja. Mama hakuiacha ili kuniadhibu mimi. Alikuwa amemwekea Baba iwe kazi ya ule mkono.