Nimeharibu Kifaa cha Picha cha Mume Wangu, Aliyerudishwa Kwao ni Mke Mwenzangu

Admin, jina langu libaki kwako. Mimi ni mwanamke wa miaka thelathini na nane, naishi Mtunda, Kibiti. Ni mfinyanzi wa vyungu, mama wa watoto watatu, na ndiye mke mkubwa. Mke mdogo ana miaka ishirini na minne, kwao Mloka. Tunakaa ua mmoja, kila mtu na nyumba yake, mume anakuja kwa zamu, siku mbili kwangu, siku mbili kwake. Watu wanatusifu kwamba tunapatana. Uongo. Mimi nilikuwa nafunika tu.

Mume wetu ni fundi simu. Tangu kiangazi kilichopita alikuwa anaunda kifaa cha kushika mkononi, kina kioo kidogo, kitufe kimoja kikubwa na kingine cha kuzungusha kama cha redio. Unabonyeza, unasema unachotaka, akili mnemba inakuchorea picha. Ukizungusha, chungu kwenye picha kinarefuka, kinanenepa au kinabadilika nakshi. Alisema simu haishikiki kwa mikono yenye udongo, ndiyo maana anataka kitu cha kubonyeza. Sikumsikiliza, kwa sababu aliyekaa naye kukijaribu alikuwa mwenzangu. Yule kasoma mpaka kidato cha nne, anajua kuyapanga maneno. Nawasikia wanacheka barazani kwake, "Ongeza shingo! Punguza tumbo!" Hata siku za zamu yangu, chai inapoa yeye yuko kule.

Mara mbili aliniita. "Mama Shani, njoo ushike kidogo, nione kinavyokaa mkononi." Nikamjibu, "Mpe huyohuyo mwenye vidole laini." Kidole changu cha mwisho cha mkono wa kulia kilivunjika utotoni, kikapona kimepinda. Nilijua kifaa kile kimechongwa kufuata mkono wa msichana. Wivu ukanishika.

Wiki iliyopita akaitwa Dar kwenda kukionyesha. Akasema atakwenda na mwenzangu, aeleze kinavyotumika. Hapo nikachafukwa. Mchana mume yuko msikitini, mwenzangu kaenda kisimani, nikaingia nyumbani kwake, nikakishika kifaa kwa kanga, nikakitumbukiza kwenye ndoo ninayoloweka udongo mpaka kioo kikazima. Nikakifuta vizuri, nikakirudisha mezani kwake.

Jioni hapakukalika. Mwenzangu analia, "Dada, nisaidie kumwambia, mie sijakimwagia maji!" Mume akanigeukia. Nikaapa, "Wallahi mkono wangu haujagusa hicho kitu." Nilijiona mjanja, si kulikuwa na kanga katikati? Mume akasema, "Angekiri ningemsamehe. Mwongo siwezi kuishi naye." Asubuhi akamrudisha Mloka.

Juzi mume alikuja kukaa jikoni kwangu na kile kifaa. Vya ndani vyote vimekufa, kabaki na ganda lake la mbao ya mninga. Akaniambia, "Shika basi, sasa hakina kazi tena."

Nikashika. Jamani, vidole vyangu viliingia kila kimoja mahali pake, na kile cha mwisho kikalala kwenye kishimo kilichopinda vilevile kilivyopinda chenyewe. Nikamuuliza alipima wapi.

"Kuna siku ulikasirika ukaminya bonge la udongo ukalitupa uani, nililiokota nikalikausha. Nimechonga kufuata alama za vidole vyako. Yule nilimpa ajaribu maneno tu. Kifaa kilikuwa chako, Mama Shani."

Nililia mpaka nikakosa pumzi. Akanishika bega, akasema, "Usilie. Aliyekuharibia nitamwacha."

Ijumaa baada ya sala anakwenda Mloka na wazee wawili kutoa talaka. Yule binti ananipigia simu kila siku, "Dada, najua wewe unaniamini." Nikisema ukweli, mwongo ni mimi, na ndoa yangu ya miaka kumi na minane itakwenda na maji yaleyale ya ndoo. Nikinyamaza, naachisha mtu asiye na kosa, na kiapo kiko shingoni kwangu. Tena niwaambie aibu yangu yote: hata leo, nikikumbuka vile vicheko vya barazani, kuna upande wangu unatamani Ijumaa ifike haraka.

Ganda liko hapa kitandani, kila nikilishika linanikaa mkononi. Nishaurini ndugu zangu, siku zimebaki mbili. Nifanye nini?