Nimefuta dawa zote za dada leo

Leo nimefuta dawa zote za duka la dada yangu.

Siyo za kwenye rafu jamani, za kwenye kompyuta!

Najifunza kontena, yaani kifurushi kinachobeba programu na kila inachohitaji ili iwake kwenye kompyuta yoyote. Programu ya duka nimeitengeneza mwenyewe. Dada Anjela alishinda asubuhi hapa Bombambili akiingiza majina ya dawa.

Nikajitia fundi: "Dada tazama, nalifuta kontena, halafu naliwasha jipya sasa hivi."

Programu ikawaka. Tupu kabisa.

"Dawa zangu ziko wapi?"

Nilitamani kukimbia. Nikakaa, nikasoma mpaka nikaelewa: kinachoandikwa ndani ya kontena hufa nalo. Kumbukumbu zinatakiwa zihifadhiwe nje yake, kwenye diski ya kompyuta.

Nikarekebisha. Nikaingiza dawa zote upya mwenyewe (vidole vinauma mpaka sasa). Kisha nikamwita.

"Lifute kontena wewe."

"Mimi? Thubutu!"

Akafuta huku amefumba macho. Nikawasha jingine.

Dawa zote zipo!

Dada akashusha pumzi. "Kesho tunaanza kuitumia kwa wateja. Ila wewe usiguse."

Mnacheka? Haya semeni, nani mwingine ameshafuta cha mtu?