Sufu ya Jeshi Ukweni

Jamani, kuna aibu unaizika halafu watu wanaifukua kila sikukuu, basi bora niisimulie mwenyewe kuliko kumwachia Mjomba Yohana, maana yeye akisimulia anajitoa kabisa, utadhani siku ile alikuwa Iringa!

Mimi mtu wa Chimala, joto nimezaliwa nalo. Miaka ile ya hamsini nikampenda Eliza, kwao huko juu milimani Mbeya, na posa ikapangwa mwezi wa saba, ambapo kule umande unaganda mpaka majani yanakuwa meupe. Mimi na Mjomba tulipofika mjini, nikanunua fulana ya sufu ya mikono mirefu, zile za wanajeshi zilizobaki baada ya vita (nzito, ngumu kama gunia). Mwenye duka, mzee wa Pwani, akanishika bega: "Mwanangu, tanguliza ya pamba, sufu ije juu." Nikafanya hivyo hivyo, mimi si mjinga! Ila koti la kuazima likagoma kufunga, na Mjomba, ambaye ndiye mshenga wangu, akang'aka, "Huendi ukweni na koti wazi kama mlevi! Toa hiyo ya pamba." Nikatoa. Ningemtii nani kama si mjomba?

Kupanda mlima, baridi hata siisikii. Tukafika, tukapewa vigoda uani, wazee wakasema kwanza wauone mkono wa kijana kazini, nikapewa shoka na gogo la mkaratusi. Nikapasua. Jasho likatoka, na jasho likikutana na ile sufu, ndugu zangu, ni upupu mtupu! Nilirudi kukaa nikijikuna mbavu, nikijikuna mgongo, nikijisugua kwenye nguzo ya ghala kama ng'ombe.

Na desturi mnaijua: siku ya posa mwoaji hasemi, anasemewa. Basi nimefunga mdomo, najikuna tu. Baba mkwe akanitazama wee, akamwuliza Mjomba kwa upole, "Samahani, huyu kijana ana upele?"

Hapo mtu mwenye akili anajibu nini? Anasema ni sufu! Neno moja tu! Mjomba (aliyenivua pamba kwa mdomo wake mwenyewe!) akakohoa, akasema, "Hapana mzee, msihofu, ni ya ukoo tu. Hata marehemu baba yake alikuwa anajikuna hivi hivi."

Ya ukoo! Baba yangu, Mungu amrehemu, hakuwahi kujikuna hata siku moja! Wazee wakatazamana. Shangazi yake Eliza akasogeza kigoda chake mbali nami. Nikaona mke anaondoka hivi hivi kwa ajili ya nguo, hasira ikanipanda, nikasimama, nikatupa koti, nikatupa shati la juu, nikaivua ile sufu, nikabaki kifua wazi katikati ya ukungu, nikapiga kelele: "Ni sufu! Sina upele! Tazameni wenyewe!"

Ndipo mama mkwe akatoka jikoni na chungu cha viazi. Na kule, mtu na mama mkwe wake hawaonani kabisa, wakikutana njiani mmoja anaingia porini. Sasa yeye kaniona mpaka kitovu! Chungu chini, pwaa, mama mbio, viazi vimetapakaa uani, na baba mkwe akasimama. "Mshenga, chukua mtu wako."

Tukashuka mlima bila kuonja hata togwa, meno yananigongana, na Mjomba njia nzima analalamika eti nimemwaibisha. Mimi! Nimemwaibisha yeye!

Nilishakata tamaa, nikarudi zangu kwenye mpunga. Ndipo siku ya soko Eliza akanifuata mpaka Chimala. "Baba alikataa, na wazee wote wakakataa," akasema. "Mama ndiye aliyepaza sauti kutoka jikoni. Alisema, 'Mwacheni aoe. Sikutakiwa kumwona, lakini nimeshamwona, na ngozi yake ni safi kuliko zenu nyote.'"

Nikapeleka mbuzi na blanketi kumwomba mama radhi, nikaoa. Sufu bila pamba ndani sivai tena, hata Mbeya yote igande, na shauri la nguo kwa Mjomba siombi mpaka naingia kaburini. Mama mkwe hatujaonana tena tangu siku ile, tunaheshimiana sana. Lakini kila nikipita nje ya jiko lake, namsikia anacheka.