Mistari kwenye Picha ya Neema

Mie nauza dawa kwenye duka moja la Goba, na watu wakiniita dokta huwa sikatai.

Juzi Neema, mtoto wa jirani, aliteleza mgongoni kwa bibi yake akaangukia kichwa. Alipigwa picha ya eksirei, lakini daktari angeisoma kesho yake. Mama yake akaniletea mie. Nikaiinua kwenye mwanga, nikaona mistari iliyopindapinda kama nyufa za ukuta.

"Fuvu limepasuka," nikasema.

Mama Neema aliangua kilio. Alfajiri bibi akapanda basi la Singida bila kumuaga mtu.

Asubuhi niliwasindikiza kwa daktari.

"Haya ni maungio ya mifupa ya fuvu, kila mtu anayo," alisema. "Mtoto mzima. Nani kawaambia limepasuka?"

Mama Neema alinitazama, kisha akampigia mama mkwe wake huko njiani. Alipomaliza kumweleza, akanipa simu.

"Shikamoo, bibi," nikasema.

Hakuitikia. "Mwanangu," alisema huku analia, "tangu jana najua nimemuua mjukuu wangu."